Nakala Hizi Hazijuani

...wala sijakataa, nani kasema nimekataa, nimesema ngoja, na ngoja si hapana, kidole kiko hapa hapa juu ya enta, amri nimeshaiandika, neno moja tu, unga, na mbele yake majina ya nakala mbili, yangu na yake, kilichobaki ni kubonyeza, hata mtoto wa chekechea angebonyeza, lakini kidole kimeganda, na chumba cha pili Mama anapiga pasi na kupiga simu kwa wakati mmoja, simu kailaza kwenye meza ya pasi kaifungulia spika kwa sababu mikono haina nafasi, na anapaza sauti kana kwamba mdogo wangu yuko ng'ambo ya bahari na si mitaa michache kutoka hapa, umekula, anamuuliza, mtu mzima ana mke na ndevu, umekula nini, mbona sauti imekonda, na hiyo sauti iliyokonda inapita ukutani vipande vipande, nimekula Mama... nimeshiba Mama... dada yupo? ... Yupo. Dada yupo mezani tangu asubuhi, chai imeshaota utando, na mbele yake iko kazi yote ya huyo anayeuliza kama yupo, karibu miaka miwili ya kazi, imekuja kwenye fleshi ndogo kuliko kidole gumba, wifi ndiye aliyeileta jana, mke wake, akaiweka kando ya kibodi kwa vidole viwili kama mtu anayeweka yai, akasema mwenzangu kasema uitazame ukipata nafasi, ukipata nafasi, utadhani ni picha za harusi, nikamwambia karibu chai wifi, akasema chai siku nyingine, akatoka upesi, na mimi nikajisemea sitaigusa, nitaigusa wiki ijayo, nina shughuli zangu bwana, na kabla mlango haujarudi vizuri nikawa nimeshaichomeka.

Maana huyu mtu na mimi ndio tulioutengeneza Uzi, watu wananiuliza Uzi ni kitu gani, huwa nawaambia hivi, chukua watu kumi wanaochora ramani moja, kila mmoja na kompyuta yake, leo huyu kasogeza mto, kesho yule kaongeza njia, utajuaje nani kafanya nini na ipi ndiyo ya kweli, wengi hutumiana mafaili wakiyaita ramani mpya, ramani mpya kabisa, ramani ya mwisho, ramani ya mwisho ya kweli, usicheke, ndivyo walivyokuwa wakiishi wapima ardhi tuliowakuta, na mkubwa wao Bwana Mita, tunamwita hivyo kwa sababu hata ukimuuliza hali yake atakujibu kwa vipimo, alikuwa na faili moja aliloliita ramani ya mwisho usifungue, naye akalifungua... basi Uzi unaweka kila badiliko, jina la aliyelifanya, na mstari mmoja wa kueleza kwa nini, na raha yake ni kwamba kila mtu anabeba yote, si kipande, yote tangu badiliko la kwanza, hakuna nakala mama na nakala watoto, zote sawa, mpima anaingia porini hakuna mtandao, anachora, anaweka, akitoka anakutana na mwenzake wanapeana, hata kwa fleshi, na Uzi unashona kazi zao pamoja, ukikuta wawili wamebadili pahali pamoja unasimama na kuwaambia, hauchagui wenyewe, haujifanyi hakimu. Tuliutengenezea kwenye meza hii hii, mimi upande wa dirisha, yeye upande wa mlango, Profesa, Mama alimbandika jina hilo utotoni alipokuwa akivaa miwani ya baba na kusoma gazeti limepinduliwa, magoti yake yakigonga mguu wa meza kila akifikiri, chai yangu ikimwagika nikawa najua anakaribia jibu, tukakubaliana kila kitu, kila kitu isipokuwa kimoja. Alitaka kifutio. Dada, hata penseli ina kifutio, mtu aweze kurudi nyuma asafishe historia yake. Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki, akasema hayo ni maji, hii ni kompyuta. Nikamwambia mtu akiweza kufuta alichofanya jana nani atamwamini leo, akaniambia wewe unataka watu waishi na makosa yao yamebandikwa ukutani, na hapo kila mmoja alikuwa na haki yake, na hapo ndipo pagumu, maana mwenye haki hashuki. Akaondoka na nakala yake. Hakuiba, hakuvunja mlango, chombo tulikiunda wenyewe hivyo, mtu akichoka na wenzake anajitwika nyumba nzima na nyumba inabaki pale pale. Tangu siku hiyo tunapitia kwa Mama, mwambie dada yako, mwambie mdogo wako, na Mama kazi hiyo anaipenda, asikudanganye, anaongeza chumvi pande zote mbili.

"Na ile ofisi ya mbali umeshawajibu?" ... hapo nimesikia, hapo nimetega sikio, pasi imesimama, hata Mama anasubiri... kesho, anasema, natakiwa kuwajibu kesho. Kesho. Iko ofisi ya upimaji huko mbali, kubwa, wana majengo yenye lifti, wanamtaka Profesa na kifutio chake, Mama alinipa habari hizo juzi akichambua mchele, alinipa kama anayetaja bei ya vitunguu huku ananitazama usoni kwa pembe ya jicho, nikasema vizuri, amefanikiwa, nikaenda chumbani nikapanga upya nguo zilizokwisha pangwa. Kwa hiyo hii fleshi ni nini sasa, hilo ndilo linalonikaa kooni, anarudi au anakabidhi, mtu anayehama hugawa vyombo, huyu chukua sufuria, yule chukua kiti, dada chukua kazi yangu, kwaherini... namtaka arudi, basi, nimesema, hakuna anayenisikia humu, namtaka arudi akae hapo mlangoni agonge meza yangu kwa magoti yake, na nikisema hivyo kwa sauti atajua, na akijua atavimba kichwa, namfahamu.

Na mtu mwenyewe kajikata kwa mkono wake. Alipofika kwake akakitengeneza kifutio, na kitu cha kwanza alichofuta, wallahi nilipogundua sikujua nicheke au nilie, alijifuta mwenyewe. Kila ukiweka badiliko Uzi unakudai ule mstari wa kwa nini, na mwaka wetu wa kwanza Profesa alikuwa anaandika anavyojisikia, nimerekebisha alichoharibu dada, dada kaenda sokoni nafanya nitakavyo, inafanya kazi sijui kwa nini asiguse mtu, mambo ya ovyo ya namna hiyo, sasa alipotaka kuwaonyesha wakubwa nakala yake akaona haya, akaukunja mwaka wote wa kwanza ukawa badiliko moja, safi, limenyooka, akaandika juu yake Mwanzo, nukta, kama mtu aliyezaliwa na ndevu. Akasahau jambo ambalo yeye ndiye aliyelibuni, yeye, si mimi, kwamba kila badiliko lina alama yake, na alama hiyo hukokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na alama ya badiliko lililotangulia, ili asije mtu akachomeka uongo katikati, ukimgusa babu wajukuu wote wanabadilika sura, hata ambao hukuwagusa, na kweli wakabadilika wote, kazi ile ile, siku zile zile, lakini alama hakuna hata moja inayolingana na yangu. Jana nilipoiambia Uzi iunganishe... uunganishe, Profesa alikuwa ananicheka hapo, dada umeutengeneza mwenyewe hujui kuuita, basi nilipouambia, ukatazama huku, ukatazama kule, ukaniandikia, nakala hizi hazijuani. Sentensi hiyo niliitunga mimi, mchana mmoja, nikicheka, nilidhani ataiona mtu aliyekosea akataka kuunganisha ramani na hesabu za duka, sikudhani nitaiona mimi na mtoto wa mama yangu. Nilicheka kwanza, halafu nikainuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Lingekuwa letu peke yetu ningelilalia usingizi, tuna ukoo wa watu wakaidi, tumezoea, lakini wapima nao wamegawanyika, wa ng'ambo ya mto walikwenda na nakala ya Profesa kwa sababu ina kasi, wa upande huu wamebaki na yangu kwa sababu, Bwana Mita anasema, wamezoea kununa nami, na hawawezi kupeana tena kitu, barabara inachorwa upande huu vizuri, vibao, mitaro, kila kitu, inafika darajani inakatika, na wa ng'ambo nao wana barabara yao inakuja mbio inakatika darajani, kwa hiyo kwenye ramani za watu hawa daraja limesimama peke yake katikati ya maji halina kwa kwenda. Bwana Mita alikuja wiki iliyopita, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, kile kile, nikataka kumwambia hapo pana mwenyewe nikajizuia, akakohoa, akasema "Dada, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi tumelima mpaka jembe limebaki mpini." Nikamwambia nimesikia. Akasema kusikia ni mita sifuri, akavaa kofia yake akaenda.

Sasa njia ziko mbili, na ile ya kwanza, shetani wake anajua kushawishi, ni kuchukua mafaili ya Profesa peke yake, bila historia, kuyamwaga juu ya yangu, na kuyaweka kama badiliko moja, saa ya chakula ningekuwa nimemaliza, wapima wamepata kasi, barabara imevuka mto, kila mtu kafurahi, na kwenye historia ingesomeka kwamba mchana mmoja dada aliongeza kila kitu. Mchana mmoja kafanya kazi ya miaka miwili, mwanamke wa shoka. Na si kwamba ningeiba, yeye mwenyewe karuhusu, wifi aliniambia akiwa ameshafika mlangoni, kasema ukiona tabu mwaga tu, hajali jina, hajali jina, mwongo mkubwa, mtoto aliyekwangua jina lake kwa msumari kwenye kila kijiko cha nyumba hii, vingine tunavyo mpaka leo, ukinywa uji unamsoma. Na kazi yenyewe ni nzuri, hilo ndilo linaloniudhi, nimeisoma jana mpaka macho yakaniwasha, kule kulinganisha ramani kubwa, kwangu mpima akianzisha anatoka kwenda kunyoa, nilijaribu, nikajaribu, nikawaambia haiwezekani, niliwaambia kwa uso mkavu kabisa kwamba kitaalamu haiwezekani, na huyu kakaa kwake huko kaigawa ramani vigae vigae, kila kigae na alama yake, ambacho alama yake haikubadilika hakiguswi, basi, ndiyo siri yote, jambo dogo hivyo, mtu unaweza kulia, ramani nzima inalinganishwa kabla hujameza mate. Huyu niliyemfundisha mimi kuwasha kompyuta, huyu ambaye siku ya kwanza ilipowaka akaiambia shikamoo, nami nikamwambia imesema marahaba, akaamini wiki nzima... nimefurahi mpaka nimekasirika, ndiyo hali yangu ya leo, mtu akiniuliza nitamjibu hivyo.

Njia ya pili ni hii iliyoko chini ya kidole. Kuunga, kama fundi wa miche anavyounga tawi la mti mmoja kwenye shina la mwingine, amri hiyo hatukuwa nayo, nimeiandika leo tangu asubuhi, haitazami alama, inatazama yaliyomo, inatafuta katika nakala yake siku ambayo kila faili ni sawa sawa na siku moja katika nakala yangu, halafu mimi kama mtu mwenye akili timamu nauambia Uzi hili na hili ni badiliko moja, nakuapia, tukianzia hapo wanajuana, endelea. Na siku hiyo nimeipata. Haikuwa nilivyoitegemea, nilidhani itakuwa siku kubwa, ni siku umeme ulipokatika, fundi alikuwa anachomelea geti la jirani umeme ukaondoka na mtaa mzima, kompyuta yangu betri ilishakufa zamani, tukahamia kwenye yake, mimi nasoma yeye anaandika, halafu yeye anasoma mimi naandika, mabega yanagusana, tunagombania kibodi moja na bakuli moja la karanga, na mpaka betri inafika mwisho tulikuwa tumemaliza sehemu ngumu kuliko zote, ndipo jioni yake tukaanza ile habari ya kifutio. Yeye ndiye aliyeuweka mstari, kwangu umeandikwa umeme umekatika, tunaendelea, nikaenda kutazama kwake, nikijua huyu bwana na usafi wake atakuwa ameshaupiga pasi, na kwake umeandikwa umeme umekatika, tunaendelea. Ameuacha. Tunaendelea, wawili, ameacha hivyo hivyo.

"...hapana, hajala, tangu asubuhi kajifungia na mashine," Mama anamshtaki, "namwambia uji, ananiambia ngoja," ... na mimi kidole kimeshuka. Sikuamua, kimeshuka chenyewe, na skrini imeanza kumwagika, Uzi unachukua badiliko moja moja la Profesa unaliweka juu ya shina, na kila likipita linaonyesha ule mstari wake, yanapita kasi lakini nayasoma, ningeweza kuyasoma usingizini, nimeanza peke yangu kimya mno, hilo ni la kwanza, halafu, nimerekebisha alichoharibu dada, tazama huyu, mwaka wa pili bado ananilaumu, halafu vigae havikubali, halafu vigae bado, halafu dada angesema haiwezekani, halafu inawezekana, halafu dada angecheka hapa, na kweli pana upuuzi hapo, nimecheka, halafu siku nyingi za kazi tupu, mito, mipaka, majina ya vijiji, halafu, nimerudi kwenye njia ya dada kuhusu mito alikuwa sahihi msimwambie... msimwambie nani, nakala yako ulikuwa unaandika peke yako, ulikuwa unamwambia nani asiniambie. Pua inaniwasha, ni vumbi la feni. Mtu huyu kaishi na mimi huko miaka yote miwili, kanitukana, kanibishia, kanikubalia, na mimi huku nimekuwa nikimwambia kila mtu nakala ya Profesa sijui habari zake, na najua, najua kila alichofanya kabla sijakisoma, ningekifanya hivyo hivyo, au ningekifanya vibaya zaidi.

Nilitegemea migongano ya kujaza gunia. Miaka miwili watu wawili wanagusa kazi moja bila kuambizana, nilikuwa nimeshajiandalia mchana wote na mto wa kuegemea, na imepita, inapita, imepita, kumbe kila nilipokuwa mimi yeye hakuwapo, nilipofika alikuwa ameondoka, aliponiachia nafasi niliziba, tulikuwa tunapishana kama watu wanaoishi nyumba moja... na sasa imesimama. Pahali pamoja tu. Kishale kinapepesa na Uzi unasema kuna faili moja, mstari mmoja, tumeubadili wote wawili na haujui uchukue upi, naufungua, na ni ule mstari wenyewe, sentensi ambayo Uzi humwambia mtu inapotokea hali kama hii. Nilikwisha usahau. Mimi, baada ya kuondoka kwake, niliuandika upya kwa hasira zangu, Mgongano, rekebisha kisha uendelee, kavu, kama askari wa barabarani. Na yeye huko kwake naye aliuandika upya, Wawili mmegusa hapa, ongeeni. Imekaa pamoja kwenye skrini, wa kwangu juu, wa kwake chini, na Uzi unanisubiri nifute mmoja.

Ongeeni. Nani kamwambia programu ni mshenga. Mpima yuko juani na vifaa vyake anataka kumaliza kazi unamwambia aongee, aongee na nani, na mtandao uko wapi... na mkono umeshafika kwenye mstari wake tayari kuufuta, ni sawa kabisa, nakala ni yangu, meza ni yangu, mkubwa ni mimi, watu wote huniuliza dada kakubali, dada kapitisha, hakuna kinachoingia mpaka dada... subiri kwanza. Subiri. Tulisema hakuna nakala mama. Tulisema mimi na yeye, tukagonga mezani, zote sawa, na tangu aondoke nimekaa hapa dirishani nikawa ndiye mama wa nakala zote, na nimeipenda kazi hiyo, nisijidanganye, ni tamu kuulizwa. Basi nifute wangu niache wake, nimfurahishe, mgeni apewe kiti kizuri, lakini hiyo nayo ni mimi, ni mimi tena nimeamua peke yangu chumbani, nimempa zawadi asiyoiomba, atausoma mstari wake umebaki atajua dada kamhurumia, atasema asante, na kesho atawajibu wale wa lifti. Anayepewa zawadi huaga vizuri. Sikuunga kazi yote hii ili niagwe vizuri. Na ajabu ni kwamba sioni tena hasira, naitafuta mahali ilipokuwa siioni, tunabishana, ndiyo, tutabishana juu ya kifutio mpaka tuzeeke, kila mtu na haki yake, na nakala zake, na Uzi haukuwahi kudai tukubaliane, umedai tu tuwe tumetoka pahali pamoja, na hilo tunalo, nimelishika hapa, umeme umekatika, tunaendelea. Sentensi mbili, na mtunzi wa moja yuko nyuma ya ukuta huu kwenye meza ya pasi.

Mama anagonga ukuta kwa kiganja, anayo hiyo tabia, mlango uko wazi lakini anagonga ukuta. "Mdogo wako anauliza umeshaimwaga?"

Mikono nimeiondoa kwenye kibodi nimeiweka mapajani, sentensi zote mbili ziko pale pale, hakuna niliyoigusa.

"Mwambie sikuimwaga," nasema. "Mwambie nimeiunga yote, na matusi yake yamo. Imebaki sentensi moja tu, na hiyo siimalizi peke yangu hata akienda mwisho wa dunia."

Mama anavuta pumzi ayarudie hayo yote kwa sauti ya ng'ambo ya bahari, lakini spika iko wazi, amesikia, kumbe alikuwa anasikia muda wote, na huko aliko kitu kinagonga, tok, tok, tok, goti lake kwenye meza ya watu.

"Ipi hiyo, dada?" anasema, na hakumwambia Mama.